Mtandao Umegoma: Kutafuta Njia Ilipokatika

"Shikamoo kaka. Huku mtandao hakuna."

Simu za namna hii napigiwa karibu kila siku, kutoka Ligula, Chuno, Masasi mjini, huku huku mkoani Mtwara. Msimu wa korosho ukifika zinaongezeka, maana makarani wa vyama vya msingi wana taarifa za ghala za kutuma kabla ya mnada. Neno ni lile lile, hakuna, lakini ugonjwa si mmoja. Huyu waya wake umechomoka. Yule bando limekata. Wa tatu kompyuta yake inaamini leo ni Januari 2015. Nikiuliza, "Ruta inawaka taa gani?" najibiwa, "Ruta ndiyo ipi, kaka?" Anayeuliza hivyo hana kosa. Alikabidhiwa kifaa, akatajiwa nenosiri, basi. Hakuna aliyekaa naye akamwonyesha kipi ni kipi.

Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya kusini pale Somanga, wilayani Kilwa. Mabasi ya Mtwara yalikuwa mazima. Yaliyoko Dar es Salaam yalikuwa mazima vilevile. Kilichokatika ni kipande cha katikati, na kubadilisha tairi la basi Mtwara kusingesaidia kitu. Mtandao uko hivyohivyo. Ni safari yenye vituo: kifaa chako, ruta, mtoa huduma wako, mkongo wa nchi kavu, yaani waya mkuu unaounganisha mikoa, nyaya za baharini, hadi kwenye seva, yaani ile kompyuta ya mbali yenye kitu unachokitaka. Kila istilahi ya mtandao ni jina la kituo fulani au la kazi inayofanyika pale. Nitazieleza kwa kufuata dalili, kwa sababu hakuna anayekuja kwangu na istilahi. Wote wanakuja na dalili.

Wi-Fi imeshika, lakini hakuna kinachofunguka

Hii ndiyo dalili inayowachanganya wengi kuliko zote. Watu wanaona ile alama ya Wi-Fi imejaa juu ya simu, wanajua intaneti ipo. Wi-Fi si intaneti. Wi-Fi ni kile kipande cha kwanza tu, hatua chache za hewani kutoka kwenye simu yako hadi kwenye ruta. Alama ikijaa maana yake wewe na ruta mnasikilizana vizuri. Kama ruta yenyewe imetengwa na dunia, alama itabaki imejaa vilevile.

Ruta ni lile boksi lenye taa linalopokea mtandao kutoka nje na kuugawa ndani. Basi anza kwa kulitazama.

Ruta ya faiba huwa na taa mbili za kuangalia kabla ya nyingine zote: PON na LOS. PON ikiwaka kijani bila kupepesa, mwanga kutoka kwa mtoa huduma unafika. LOS ikiwaka nyekundu, haufiki. Hapo hata ukibadilisha nenosiri mara kumi hupati kitu. Faiba ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, unaopitisha mwanga. Ukiukunja kwa kona kali nyuma ya kabati, mwanga unavuja njiani. Panya akiutafuna, au lori refu likiunasa kwenye nguzo, umekwisha. Unyooshe taratibu ule waya wa nyuma ya ruta, hakikisha umeingia vizuri kwenye tundu lake, kisha mpigie mtoa huduma. Usiuchomoe ukachungulia ndani kuona kama mwanga unakuja. Mwanga ule hauonekani kwa macho, na unaweza kuyadhuru.

Ruta ya laini, ile inayotiwa kadi ya simu, haina LOS. Yake angalia mambo mawili, bando na mnara. Kama kadi inaingia kwenye simu yako, itoe, iweke kwenye simu, jaribu kufungua kitu. Ikigoma huko pia, ruta haina hatia.

Taa zikiwa salama na bado hakuna kitu, tunapima vituo kimoja kimoja. Kwenye kompyuta ya Windows bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na R, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha jeusi. Lisikutishe, halivunji kitu. Andika ipconfig. Yatatoka maandishi mengi, wewe tafuta mistari miwili tu. Wenye IPv4 ni anwani ya kompyuta yako. Wenye neno Gateway ni anwani ya lango, yaani ruta yako, mlango wa kutokea nje.

Anwani ya IP ni namba ya kukitambulisha kifaa kwenye mtandao, ili majibu yajue pa kurudi. Za nyumbani mara nyingi huanza na 192.168 au 10. Usishangae jirani yako kuwa na namba kama ya kwako. Anwani za aina hii ya zamani, IPv4, jumla yake ni kama bilioni 4.3, hazitoshi vifaa vyote duniani, ndiyo maana nyumba nyingi hutumia namba zilezile kwa ndani na ruta hutoka nje kwa niaba ya wote.

Sasa pima. Andika ping, acha nafasi, andika anwani ya lango, kwa mfano ping 192.168.1.1. Ping ni kubisha hodi. Ukijibiwa, utaona mistari yenye muda kwa milisekunde. Usipojibiwa, tatizo liko kati yako na ruta. Ukijibiwa, songa mbele: ping 8.8.8.8. Hiyo ni anwani ya huduma ya Google iliyo nje kabisa ya nyumba yako. Lango likijibu na 8.8.8.8 ikinyamaza, njia imekatika kati ya ruta na mtoa huduma, au mbele zaidi. Hatua ya tatu, bisha hodi kwa jina, kwa mfano ping google.com. Namba ikijibu na jina likigoma, ugonjwa ni DNS.

DNS ni kama ile orodha ya majina kwenye simu yako. Wewe unamjua mtu kwa jina, simu inapiga namba. Zamani majina yote ya mtandao yaliandikwa kwenye faili moja ambalo kila mahali walilinakili. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS, orodha iliyogawanywa kwa seva nyingi. Seva ya DNS ya mtoa huduma wako ikizubaa, intaneti ipo lakini majina hayapatikani, na kwako unaona kama vile hakuna kitu. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, sehemu ya DNS, weka 8.8.8.8 au 1.1.1.1. Nimewaona watu wakinunua ruta mpya kwa tatizo la kubadilisha namba hizo tu. Inaniuma, kwa sababu hela ile ni ya kiroba cha mchele na chenji inabaki.

Anwani inaanza na 169.254

Ukiona namba hiyo kwenye ipconfig, acha kupima mbele. Kompyuta yako haijapewa anwani na mtu. Imeomba, imesubiri, imekosa, ikajipachika yenyewe.

Kazi ya kugawa anwani inaitwa DHCP, na kwa kawaida hufanywa na ruta. Kifaa kinapoingia kinauliza, "Nikae namba ngapi?" Ruta inajibu. Asipopatikana wa kujibu, inatoka hiyo 169.254. Chanzo cha kawaida ni waya kulegea, au ruta imeganda. Zima ruta, hesabu hadi thelathini, washa, ipe dakika mbili. Wengi hutimiza hili kama mazoea tu, lakini lina sababu: ruta hushika kumbukumbu ya nani kapewa namba gani, na kumbukumbu ikivurugika, kuzimwa kunaifuta na kazi inaanza upya.

Kuna chanzo kingine ambacho hutakiona kwa taa. Niliitwa kwenye chumba cha kompyuta cha shule moja. Mashine ishirini, nusu zina intaneti, nusu hazina, na kesho yake zinabadilishana. Mwalimu alikuwa ameshafuta na kupakia upya programu kwenye mashine sita. Nikakaa chini ya meza kwenye swichi, kile kiboksi chenye matundu mengi kinachounganisha nyaya za chumba kizima, nikafuata waya mmoja mmoja kwa kidole. Kumi na tisa. Ishirini. Wa ishirini na moja ni wa kwenda kwenye ruta. Halafu kulikuwa na wa ishirini na mbili, mweupe, mpya, ukipanda ukutani kuingia ofisi ya walimu. Kule mwisho wake kulikuwa na ruta ya pili. Aliyeileta alitaka Wi-Fi ifike ofisini, nia njema kabisa. Lakini ruta ile nayo ilikuwa inagawa anwani. Kompyuta iliyosikia jibu la ruta ya kwanza ilipata lango la kweli, iliyosikia la pili ilielekezwa kwenye mlango usiotoka nje. Dawa haikuhitaji hata shilingi: tukaingia kwenye mipangilio ya ruta ya pili, tukaipa anwani yake isiyogongana na ya kwanza, tukaizima DHCP. Ikabaki kazi moja, kurusha Wi-Fi.

Waya umechomekwa, taa ya tundu haiwaki

Tundu la waya wa mtandao huwa na kitaa kidogo. Kisipowaka, mawasiliano hayapo kabisa. Shika kichwa cha waya, kivute kidogo. Kikitoka bila kubanwa, kile kiulimi cha plastiki kimevunjika. Kitageuka kuwa tatizo la "leo upo, kesho haupo" linalomtesa mtu miezi.

Ndani ya waya kuna nyuzi nane. Mpangilio unaotumika zaidi, kiulimi kikiwa chini, meno ya shaba juu na waya ukielekea kwako, kutoka kushoto ni: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Uzi mmoja ukikosewa, unaweza kupata mtandao wa kusuasua badala ya kukosa moja kwa moja. Waya wa shaba wa aina hii pia haupaswi kuzidi mita 100. Ghala na ofisi zikiwa mbali kuliko hapo, weka swichi katikati. Na kwa walio jirani na bahari, Shangani na pembeni pake, kagua meno yale: hewa ya chumvi huyachakaza. Ukiona kutu, kata kichwa, bana kipya.

Sebuleni inashika, chumbani haishiki

Kule Mikindani nilikwenda kwenye nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa. Nilipima ukuta wa kati kwa mkono, kutoka ncha za vidole ulipita kiwiko. Ruta ilikuwa sebuleni, mpya, nzuri, na bibi mwenye nyumba alikuwa chumbani anataka kumwona mjukuu wake kwa video. Mlango ukiwa wazi, sura inatokea. Mlango ukifungwa, sura inaganda.

Ruta nyingi za sasa hurusha Wi-Fi kwa masafa mawili: GHz 2.4 na GHz 5. Ya 5 ni ya kasi lakini ukuta mnene unaizima. Ya 2.4 ni ya polepole zaidi, ila inapenya. Simu ya bibi iling'ang'ania ya 5. Tukaitenganisha mitandao hiyo miwili kwa majina, simu yake tukaiunga kwenye 2.4, kisha ruta tukaihamisha kutoka sakafuni nyuma ya friji hadi juu ya kabati la korido. Chuma na maji ni adui wa Wi-Fi: friji, tangi, mabati, kioo kikubwa. Ruta ikae juu, katikati, mahali pa wazi.

Kama simu ya zamani haioni kabisa jina la Wi-Fi ambalo wenzake wanaliona, uwezekano mkubwa mtandao huo ni wa GHz 5 peke yake na simu haina uwezo huo.

Inafunguka, lakini kwa taabu

Kwanza tusahihishe hesabu. Mtoa huduma anapotangaza 10 Mbps, yaani megabiti 10 kwa sekunde, anahesabu biti. Faili kwenye simu yako linahesabiwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo 10 Mbps ni MB 1.25 kwa sekunde. Filamu ya MB 700 itachukua sekunde 560, zaidi ya dakika 9, mambo yakienda sawa. Hujaibiwa. Ila ukipima ukapata 2 siku zote ilhali unalipia 10, una haki ya kudai, na andika tarehe na saa ya kila kipimo.

Angalia pia ile herufi juu ya simu. 4G ni nzuri. H ni kizazi cha tatu. E ni kizazi cha pili, ambacho kinatosha ujumbe wa maandishi lakini picha moja itakuweka. Masasi, ukiwa nyuma ya kile kilima cha mawe na mnara uko upande wa pili, simu inaweza kushuka kutoka 4G hadi E kwa kuvuka barabara tu. Sogea, au ruta iweke dirisha linaloutazama mnara.

Mchana mtandao safi, saa mbili usiku mtandao umelala? Mnara mmoja unagawa uwezo wake kwa wote walioushika, na jioni wote wako nyumbani na simu mkononi. Hapo si kifaa chako. Pakua mizigo mikubwa alfajiri.

Wengine husema kusini tuko mbali, ndiyo maana tuko polepole. Umbali wenyewe si sababu. Ndani ya faiba mwanga husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, Mtwara hadi Dar es Salaam na kurudi haufiki hata sehemu ya mia ya sekunde. Kinachochelewesha ni msongamano, au njia kupungua. Jumapili ya Mei 12, 2024, siku chache tu baada ya barabara kukatika Somanga, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na nchi nzima ikapata shida, si kusini tu. Ukiona kila mtu wa kila kampuni analalamika siku moja, acha ruta yako ipumzike.

Kila tovuti inasema si salama

Tazama tarehe ya kompyuta kabla ya kitu kingine chochote. Tovuti huthibitisha utambulisho wake kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta yako ikiamini ni 2015, kila cheti kinaonekana hakijaanza kutumika, na kivinjari kinakataa. Kompyuta ya mezani inayorudi mwaka wa zamani kila umeme ukikatika inahitaji betri ndogo ya mviringo ya ubao mkuu, CR2032. Ibadilishe, rekebisha tarehe, kwisha. Tarehe ikiwa sahihi na onyo linatoka kwenye tovuti moja tu, hasa ya benki, usilazimishe kupita.

Bando la wiki limekwisha asubuhi

Ukiiunga laptopu kwenye hotspoti ya simu, laptopu inaona Wi-Fi. Haijui kwamba unalipia kwa MB. Itaanza kushusha masasisho ya Windows kimyakimya, na bando litaondoka nayo. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya Windows, fungua jina la hotspoti yako, washa chaguo la kuihesabu kama mtandao wa kulipia kwa kipimo (Metered connection). Kwenye simu, zima upakiaji wa picha wa moja kwa moja kwa data, na video zinazojicheza zenyewe. Na badilisha nenosiri la hotspoti kama ulilitaja kwa sauti stendi.

Simu imerudi nyuma saa moja, na salio limeyeyuka

Hii ni ya wenzetu wa Kilambo, Newala ukingoni na vijiji vyote vya kando ya Ruvuma. Simu hushika mnara wenye nguvu, na haiulizi mpaka uko wapi. Ikishika mnara wa Msumbiji, umeingia kwenye huduma ya nje ya nchi, na data yake ni ghali. Dalili nzuri ni saa: Msumbiji wako nyuma yetu saa moja kamili, hivyo simu inayojipangia saa kutoka kwenye mtandao inaweza kuonyesha saa kumi wakati msikitini wameshapita saa kumi na moja. Zima matumizi ya data nje ya nchi (Data roaming), kisha uchaguzi wa mtandao utoe kwenye kujichagua, uchague mwenyewe mtandao wako wa Tanzania.

Simu mpya yenye 4G na bando lakini haifungui kitu ni jambo jingine. Kagua APN, yale maelezo mafupi yanayoielekeza simu mlango wa data wa kampuni yako. Huduma kwa wateja watakutumia.

Kabla hujapiga simu kwa mtoa huduma

Usiingize pini kwenye kile kitundu kidogo cha nyuma ya ruta. Kitundu kile hakiwashi upya, kinafuta kila kitu, pamoja na maelezo ya mtoa huduma yanayoiwezesha ruta kuingia. Nimefuata safari hadi Nachingwea kurudisha kilichofutwa na sindano ya sekunde kumi.

Badala yake chukua karatasi. Andika taa zipi zinawaka na rangi zake. Andika lango limejibu au la, 8.8.8.8 imejibu au la, jina limejibu au la. Andika kama ni kifaa kimoja au vyote, na tatizo lilianza saa ngapi. Dada mmoja karani wa chama cha msingi alinipigia Oktoba, nikiwa njiani, akasema hivi: "Shikamoo kaka. LOS nyekundu, vifaa vyote, tangu saa nne asubuhi, na kuna nguzo imelala karibu na ghala." Nilimwambia asinisubiri mimi, awapigie wenye faiba na awatajie ile nguzo.